Tumemficha mama ugonjwa wake, na hoja zangu mwenyewe zimenigeuka

Shikamoo Mshauri.

Nimesoma safu hii miaka mingi bila kufikiri kwamba siku moja nitakuwa upande huu wa barua. Mimi ni mwanamke wa miaka 39. Tumezaliwa wawili tu, kaka yangu na mimi. Baba alifariki miaka 19 iliyopita. Mama ana miaka 71, na maisha yake yote amekuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ndiyo iliyotusomesha.

Miezi miwili iliyopita mama alianza kukonda na kulalamika maumivu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni. Vipimo vikafanyika. Siku ya majibu daktari alituita mimi na kaka ndani, mama akabaki nje kwenye benchi, mkoba mapajani, macho mlangoni. Ni saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Daktari alisema kwa upole kwamba kinachowezekana sasa ni dawa za kuipunguza kasi kwa muda, au tiba shufaa peke yake, yaani kumtunza asiumie. Kisha akauliza, "Mgonjwa mtamwambia wenyewe au niseme mimi?" Kaka akajibu kabla sijafungua mdomo: "Tutaongea naye sisi."

Tulipotoka, mama akauliza wamesemaje. Kaka akasema, "Vidonda vya tumbo, mama. Vya muda mrefu, vimekomaa." Akanitazama. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Tangu siku hiyo tunaishi ndani ya hivyo vidonda vya tumbo. Chupa ya mofini kaka ameibandua karatasi yake. Zile dawa kali aliamua zisitumike, "asiteswe bure", nami sikupinga. Mama hakuulizwa. Kaka ndiye anayeishi naye; mimi nafika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili.

Wiki mbili zilizopita mama aliniita nimtungie uzi kwenye sindano, kwa kuwa siku hizi halioni tundu. Nimeinama, uso wangu karibu kabisa na wake, akauliza polepole: "Hivi mwanangu, vidonda vya tumbo huchukua muda gani?" Nikasema, "Inategemea, mama." Akasema, "Haya." Akaendelea kushona. Usiku ule sikulala.

Sasa nikueleze kwa nini nakuandikia. Chuoni nilisoma somo moja la falsafa ya maadili, na tangu hapo nimekuwa na msimamo kwamba hakuna jema wala baya la watu wote. Kila jamii ina yake, kila mtu ana yake. Akili ni nywele. Kazini mimi ndiye yule anayesema "tusiwahukumu watu kwa vipimo vyetu", na nimejivunia jambo hilo, maana naliona ni unyenyekevu. Nilipomwambia kaka kwamba tunamkosea mama, akanitazama kama mtu aliyekuwa akiisubiri nafasi hiyo. "Tunamkosea kwa kipimo cha nani? Si wewe uliyetuambia miaka yote hakuna ukweli mmoja? Basi huu ndio wa kwetu. Sisi mgonjwa hatumwambii habari za kifo. Hayo mengine ni ya vitabuni."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Kaka ana hoja nyingine. Baba alipougua, mama ndiye aliyemficha. Alimwambia ni mapafu, yatapona. Baba akafa anatania wauguzi. Baada ya msiba tulikuta kwenye mfuko wa koti lake karatasi yenye orodha ya madeni yake yote, kila deni lililolipwa limewekewa alama ya vema, na la mwisho lina tarehe ya siku tisa kabla hajafa. Alikuwa anajua! Mama aliikunja ile karatasi, akaiweka kwenye kopo lake la vifungo, na hajaizungumzia tena. Kaka anasema: umeona, hakuna aliyesema na baba alikufa kwa amani. Mimi naona kinyume, kwamba baba alikufa peke yake katikati yetu.

Nimeshajaribu kuandika barua ya kumwambia mama ukweli nikaichana. Nimejaribu pia kujisahaulisha. Juzi nilimpigia daktari, akasema ni uamuzi wa familia. Mama mwenyewe anaendelea na kazi zake ndogondogo, ananyoosha vitambaa, anapanga masanduku. Wiki iliyopita alimpa binti wa kaka ule mkasi wake mkubwa, ambao sisi tulikuwa haturuhusiwi kukatia hata karatasi. Kwa nje amani tupu.

Kama kila mtu ana wema wake, kutenda wema ni nini hasa? Na nitajuaje kwamba ninachotaka kumfanyia mama ni wema, na si mimi tu kutaka kulala usiku?

Aliyeishiwa hoja

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Najua neno hili umelisikia sana miezi hii miwili, lakini waliokupa walikupa kwa ajili ya ugonjwa wa mama. Hakuna aliyekupa pole ya kubeba uongo, kwa sababu hakuna anayejua unao. Basi pokea hiyo kwangu.

Nikikusoma vizuri, una nyuzi mbili zilizosokotana. Wa kwanza ni mama: aambiwe au asiambiwe. Wa pili ni wewe na msimamo wako wa miaka 20, ambao kaka yako ameushika kwa makali yake akakugeuzia. Mtu mwingine angeniambia niuache wa pili, niende kwa mgonjwa. Mimi naona hutaweza kumfikia mama mikono ikiwa imefungwa, kwa hiyo tuufungue huo kwanza.

Ulichojifunza chuoni kina vipande viwili, na watu huvivaa kama nguo moja bila kuutazama mshono. Kipande cha kwanza kinasema watu hutofautiana katika wanayoyaita mema. Hiyo ni habari, na ni ya kweli. Kipande cha pili kinasema: kwa hiyo hakuna awezaye kusema lolote juu ya tendo la mwingine. Hicho hakitoki kwenye kile cha kwanza. Watu walitofautiana pia kuhusu kinacholeta malaria, na tofauti yao haikumaanisha kwamba kila jibu lilikuwa sawa. Utaniambia maadili si kama malaria, hakuna hadubini ya kuyaangalia. Kweli. Hapo wanafalsafa wanabishana hadi leo na mimi sitaumaliza ubishi wao kwenye safu hii. Ninachokuonyesha ni kwamba ushonaji wa hapo katikati ni wa haraka mno.

Na kuna jambo umeliandika mwenyewe ukalipita. Unasema tusiwahukumu watu kwa vipimo vyetu, na kwamba huo ni unyenyekevu. Je, ulikuwa unamaanisha kwamba unyenyekevu ni mzuri kwako tu? Mfanyakazi mwenzako akimdharau mgeni kwa namna anavyoishi, ulikuwa unasema "sawa, huo ni wema wake"? Sidhani. Ulikuwa unamkemea. Tangu mwanzo kuna kitu ulikishika kwa ajili ya watu wote, kwamba mtu asidharauliwe. Nadhani ndicho kilichokunyima usingizi usiku ule wa sindano. Kwa hiyo kaka yako hajakuangusha. Amekulazimisha uone ulichokuwa unakiamini siku zote chini ya yale maneno.

Katika somo lako bila shaka ulikutana na kisa cha Herodotus, yule mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Anasimulia kwamba Darius, mfalme wa Uajemi, aliwaita Wagiriki akawauliza wangetaka fedha kiasi gani ili wawale baba zao waliokufa. Wakasema hakuna kiasi. Kisha akawaita watu wa India waitwao Kallatiai, ambao kwa maelezo yake walikuwa wakiwala wazazi wao, akawauliza wangetaka kiasi gani ili wawachome moto. Hao wakapiga kelele, wakamwomba asitamke maneno ya kutisha namna hiyo. Kisa hiki hutolewa kuthibitisha kwamba desturi ndiyo mfalme. Wengine hukijibu kwamba pande zote mbili zilikubaliana katika kubwa zaidi, yaani kumheshimu mzazi, zikaachana kwenye namna tu. Nami nakubaliana na hao wa pili. Lakini nilipoisoma barua yako nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika kisa kile: katika baraza lote la Darius, baba hawapo. Wamejadiliwa wao, miili yao, heshima yao, na walioulizwa ni watoto peke yao.

Mama yako naye alikuwa nje kwenye benchi.

Sasa nije kwenye lile la kaka, kwamba "sisi mgonjwa hatumwambii". Silidharau. Lina watu wengi nyuma yake, tena wa karibu kuliko anavyodhani yeye anayeliweka upande mmoja na vitabu upande wa pili. Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa kama huwaambia wagonjwa kwamba wana saratani. Takriban asilimia 90 walipendelea kutosema. Hao ndio waliokuwa wakiandika vitabu vyenyewe! Mwaka 1979 madaktari wengine, huko huko Marekani, wakapewa maswali yale yale, na asilimia 97 wakasema wanapendelea kumwambia mgonjwa. Miaka 18 tu. Unaweza kusoma hapo kwamba maadili ni kama mitindo ya nguo, hupanda na kushuka. Au unaweza kusoma kwamba katika miaka hiyo dawa ziliongezeka, kwa hiyo kulikuwa na jambo la kumshauri mgonjwa, na wagonjwa wenyewe walianza kusikilizwa. Mimi huelekea kusoma hivyo, ingawa sikatai kwamba mtindo nao una mkono wake.

Uchunguzi mwingine ulichapishwa mwaka 1995. Watu 800 wa miaka 65 na zaidi, wakazi wa Los Angeles, waliulizwa kama mgonjwa aambiwe kwamba ana saratani iliyosambaa. Waliosema aambiwe walikuwa asilimia 47 ya wenye asili ya Korea, 65 ya wenye asili ya Mexico, 87 ya wenye asili ya Ulaya na 88 ya wenye asili ya Afrika. Mwalimu wako wa falsafa angefurahi: tazama jamii zinavyotofautiana. Lakini zitazame namba hizo kama mtoto wa mgonjwa. Kwenye kundi lililoelekea zaidi kuficha, karibu nusu walitaka isemwe. Kwenye lililoelekea zaidi kusema, zaidi ya mmoja katika kumi hakukubali. Ungekuwa na mama kutoka kundi lolote kati ya hayo manne, namba zisingekuambia yeye yupo wapi. Neno "sisi" la kaka yako lina shida hiyo hiyo. Linaweza kuwa kweli kabisa juu ya ukoo wenu na bado lisimguse mwanamke mmoja wa miaka 71 anayeuliza vidonda vya tumbo huchukua muda gani. Na kwa haki hiyo hiyo, lako la kwamba mtu ana haki ya kujua linaweza lisimguse pia.

Hapa ndipo ninapoachana na msimamo wako wa zamani kwa upole. Ulidhani kwamba kwa kuwa watu wanatofautiana, mwenye adabu hunyamaza. Mimi naona kwa kuwa wanatofautiana, mwenye adabu anapaswa kuuliza, tena amuulize yule ambaye maisha ni yake.

Uliniuliza kutenda wema ni nini. Ngoja nilitazame kwa maneno yetu wenyewe, maana Kiswahili kina ukarimu katika jambo hili. Tuna kuficha, tuna kudanganya, halafu tuna kusitiri. Anayekusitiri naye anafunika kitu, lakini anakifunika kwa ajili yako, na mara nyingi wewe mwenyewe unajua kilichofunikwa. Ukivaa nguo iliyochanika, rafiki akakufunga mtandio kiunoni bila kusema neno mbele za watu, amekusitiri. Akikuambia nguo yako nzima, nenda tu, amekudanganya. Kaka yako anaamini anamsitiri mama. Wewe unaona mnamdanganya. Huenda mlianza na la kwanza mkateleza hadi la pili bila kuona mlipovukia. Mimi ningepatafuta karibu na ile chupa iliyobanduliwa karatasi, na karibu zaidi na uamuzi wa zile dawa. Kutomwambia mtu jina la ugonjwa wake ni jambo moja. Kumwamulia kwamba hatajaribu matibabu fulani, wakati bado ana akili zake timamu, ni jambo lingine. Labda angekataa hizo dawa kwa kauli yake mwenyewe; wengi hukataa, na kwa sababu nzuri. Lakini angekuwa yeye. Kama kuna kitu kisichosubiri katika barua yako nzima, nadhani ni hicho, kwa kuwa nafasi ya kumuuliza inapungua kila wiki.

Pamoja na hayo, usidhani kwamba kuna mlango wowote hapa usio na mwiba.

Ukiendelea kunyamaza, huenda mama akamaliza siku zake bila hofu ambayo hakuiomba, na kaka yako akabaki na amani ya kwamba alimlinda. Hilo si dogo. Lakini saratani ya namna hii husema yenyewe. Mwili utabadilika, mofini itaongezeka, na siku moja vidonda vya tumbo havitatosha tena kueleza mnachokiona. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa wakimsema mgonjwa, ila naona methali hiyo huwakamata hata wauguzaji. Ukweli ukija kwa njia hiyo, mama atajua mambo mawili kwa pamoja: ugonjwa, na kwamba watoto wake walijua.

Ukimwambia moja kwa moja, kama ile barua uliyoichana, utaondokewa na mzigo. Swali lako la mwisho, kama unatafuta wema wa mama au usingizi wako, linakaa hapa, na nakupongeza kwa kuliuliza, kwa sababu kila mwamba ngozi huivutia kwake na wachache hukiri kwamba wanavuta. Sitakuambia kwamba kutaka kulala ni dhambi. Mtu anaweza kutenda jema akiwa na sababu mbili, moja safi na moja ya kujihurumia, na tendo likabaki jema. Kuna mwanafalsafa, Kant, aliyeandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akija mlangoni kukuuliza rafiki yako alipo, huna ruhusa ya kumdanganya. Simfuati huko, na sidhani mama yako anahitaji binti wa namna hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni kitu kidogo zaidi: wewe utamwambia Jumamosi, Jumapili utaondoka. Saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne, mama akiamka na hofu, atakayemshika mkono ni kaka yako. Sikusemi kwa hili. Umesema mwenyewe nani anaishi naye. Ila huenda ukali wa kaka yako hautoki kwenye falsafa yoyote. Unatoka kwenye hizo saa tisa za usiku, ambazo hakukueleza. Umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa kitatokea mama akijua? Uliza bila "wewe" wala "mimi" za mabishano yenu, kisha umwache amalize. Huenda nyote wawili mnafanya kitu kile kile, kila mmoja kwa namna aijuayo, kama wale Wagiriki na wenzao.

Njia ya tatu ni kumuuliza mama anataka kujua kiasi gani. Wanaofanya kazi ya tiba shufaa huipenda njia hii, na wengine hata humuuliza mgonjwa nani angependa apewe habari badala yake. Nzuri, lakini usijidanganye kwamba ni salama. Ukimuuliza mtu, "Ungependa kujua?", umeshamwambia kwamba kuna la kujua. Na akisema, "Hapana, mwanangu, hayo muongee na kaka yako", itabidi ulipokee jibu hilo hata kama si ulilolitamani, na uendelee kubeba. Je, utaweza? Msimamo wako wa zamani ungekudai ulipokee. Huu mpya nao unakudai hivyo hivyo.

Sasa niseme lile lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Umeandika kwa kupitisha tu, katikati ya mengine, kwamba anapanga masanduku na kwamba amempa mjukuu mkasi wake mkubwa. Ukaita amani.

Mwanangu, fundi hatoi mkasi wake.

Ninaweza kuwa nimekosea, sijamwona mama yako. Lakini mwanamke huyu alimwambia mumewe uongo ule ule mnaomwambia, kisha akaikuta karatasi kwenye koti, akajua kwamba mumewe alijua. Hakuna mtu ndani ya nyumba hiyo anayeufahamu mchezo huu kuliko yeye. Amekaa kwenye benchi, ameona watoto wake wakitoka na nyuso zile, akaambiwa vidonda. Halafu anakuita karibu, wakati umeinama na huwezi kumkwepa, anakuuliza huchukua muda gani. Aliuliza muda, hakuuliza kama atapona. Inawezekana swali mnaloligombania wewe na kaka, aambiwe au asiambiwe, limeshapitwa, na lililobaki ni kama ataachwa ajue peke yake. Inawezekana pia kwamba anajua na anataka ibaki hivyo, na kwamba "haya" yake ilikuwa ni namna ya kukusitiri wewe.

Kaka yako anaisoma karatasi ya baba upande mmoja, wewe upande wa pili, na mmeibishania kana kwamba ni ya baba peke yake. Aliyeiweka kwenye kopo la vifungo na kuihifadhi miaka 19 ni mama. Yeye anaisomaje? Hakuna aliyemuuliza. Hapo nadhani una mlango usiohitaji neno saratani wala neno kifo. Unaweza kusema, "Mama, ile karatasi ya baba, huwa unaifikiria?" Au, "Ungependa baba angekuambia kwamba anajua?" Ni swali la kweli, juu ya jambo lililokwisha kutokea, na mama anaweza kuingia nalo hadi pale anapotaka. Akisema "tulifanya vizuri kunyamaza", umejua kitu. Akisema "ningependa tungeongea", umejua kingine. Akilia tu, kaa hapo. Mwambie kaka kabla, si kumwomba ruhusa, ila asije akadhani umemzunguka; na kama atataka kuwepo, awepo. Huenda na yeye ana hamu ya kulisikia jibu, maana alikuwa mtoto wa baba yule yule.

Na kama mama hatajibu lolote, akakusogezea sindano umtungie uzi, mtungie, halafu usiondoke upesi.